Mke Wangu Yuko Majini

Mashine ya mazoezi ya makasia tuliiweka sebuleni, pale palipokuwa na meza ya kulia chakula. Meza tukaihamishia barazani. Kwa karibu miaka miwili majirani zetu wa Ipagala waliisikia kila alfajiri: mnyororo unavutwa, kiti kinateleza, mnyororo unarudi. Jirani wa upande wa kulia aliniuliza siku moja kama tumefungua mashine ya kusaga kimyakimya. Nilimwambia ni mazoezi ya mke wangu. Hakuuliza ni ya nini, na mimi sikumwambia, kwa sababu wakati ule nilikuwa bado natumaini hayatafika popote.

Mke wangu ni mtaalamu wa tiba ya viungo hospitalini. Alizaliwa Mlali, na maji mengi kuliko yote aliyoyaona utotoni yalikuwa ya korongo lililojaa siku za mvua, ambayo yalipita kwa saa chache yakaacha mchanga. Kuogelea alijifunza alipokuwa chuoni, pwani. Huko huko akajiunga na watu wanaopiga makasia kama mchezo, na huko akazoeana na daktari mmoja mstaafu, mwanamke mgeni, aliyewahi kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa mikono yake. Miaka ikapita. Tukaoana, tukapata binti, binti akafika darasa la nne. Ndipo yule daktari alipoandika: mashua ninayo bado, magoti sina tena, ukiitaka ni yako kwa safari moja.

Alinisomea ujumbe ule jikoni. Nilikuwa nachambua mchele.

"Atlantiki ipi?" nilimuuliza.

"Kwani ziko ngapi?"

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Atlantiki nimeichora ubaoni kila mwaka, pamoja na mishale ya mikondo na pepo zake, lakini bahari yenyewe, hata hii ya kwetu, sijawahi kuiingia kupita magoti. Nilimuuliza kwa nini. Aliweka mkono juu ya mfuniko wa sufuria.

"Nikikupa sababu nitakuwa nakudanganya," alisema. "Nimeitafuta. Nimekuta nataka tu."

Nilisema sawa. Sawa ile ilitoka mdomoni, haikutoka kwingine. Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa na kufagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

Aliondoka Desemba, mvua za kwanza zimenyesha na watu wanapanda. Angeanzia visiwa vya Kanari, magharibi ya Afrika, hadi visiwa vya Karibi, upande wa pili wa bahari. Miezi mitatu, zaidi au pungufu. Alimuaga baba yake kwa simu, akamwambia anakwenda nje kwenye mafunzo. Mimi aliniambia, "Usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikiwa njiani." Hakumwambia.

Alikuwa na simu ya setilaiti. Kila siku, saa kumi na moja jioni ya Dodoma, ambayo kwake ilikuwa mchana, alipiga kwa dakika tano. Maneno yalichelewa kufika, hivyo tulijifunza kusema na kusubiri. Alisema wiki ya kwanza alitapika mpaka akawa anatapika hewa. Alisema viganja vimechubuka na makalio yana vidonda, na kwamba samaki wenye mabawa huruka usiku na kumpiga mgongoni. Binti yetu alimuuliza anakwenda wapi chooni. "Kwenye ndoo," mama yake akajibu, na jibu hilo lilimridhisha mtoto kuliko habari nyingine zote za Atlantiki. Alilipeleka shuleni.

Baada ya simu nilikuwa nabaki na nukta. Kulikuwa na ramani kwenye simu yangu, buluu tupu, na nukta moja nyekundu iliyosogea mara chache kwa siku. Niliitazama nikiwa kwenye foleni ya sokoni, ofisi ya walimu, hata msikitini kabla sijavua viatu. Kukaa sikuweza. Nilikuwa nikianza kusahihisha madaftari, naacha daftari la tatu, nakwenda kurekebisha bawaba ya mlango ambayo haikuwa na kosa.

Wiki ya tatu baba mkwe akabisha hodi. Ni mzee wa Kigogo, mrefu, mkulima na mfugaji, na kanisani kwao ni mzee wa usharika. Mimi ni Mrangi wa Kolo, Mwislamu. Binti yake nilimwoa bomani, na ilichukua miaka kadhaa kabla hajazoea kula chakula changu. Siku ile alishika mfuko wa karanga na mwingine wa mlenda mkavu. Mtu mmoja kanisani alikuwa amemwonyesha kwenye simu picha ya binti yake ndani ya mashua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

"Karibu ndani kwanza, upumzike."

"Nimeuliza."

"Yuko baharini, baba."

"Na nani?"

"Peke yake."

Aliiweka mifuko chini, mmoja baada ya mwingine, akanitazama.

"Mmegombana?"

Nilicheka kidogo. Nilipoona hacheki nikaacha. "Hapana, baba. Hatujagombana."

"Mwanamke ana mume, ana mtoto, ana kazi. Anaingia majini peke yake. Na hamjagombana."

"Hatujagombana."

"Basi ni mbaya zaidi," alisema, akavua viatu.

Sikuweza kumkasirikia, kwa kuwa swali lile lilikuwa langu kabla halijawa lake. Nilikuwa nimelizungusha kichwani tangu siku ya mchele: mtu anayetaka kukaa miezi mitatu mahali ambapo mimi siwezi kumfikia, anatafuta bahari au ananikimbia? Mke wangu hakuwahi kunipa sababu ya kufikiri hivyo. Lakini hakunipa sababu nyingine yoyote pia.

Mzee alisema haondoki mpaka mwanawe atoke majini. Kwa desturi zao si jambo dogo baba kulala kwa mkwe wake, hivyo nikamtayarishia chumba cha uani chenye mlango wake. Nilimkumbusha kwamba ni wakati wa palizi.

"Majani yatanisubiri," alisema. "Yeye ndiye sijui."

Jioni hiyo simu ilipolia nilimpa. Aliishika kwa mikono miwili na kupaza sauti kwa Kigogo, kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Kisha akasikiliza, na uso ukamlegea. Alipomaliza kumgombeza aliuliza jambo moja kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Unakunywa nini?"

Mke wangu akamweleza kwamba kuna mashine inayochuja chumvi, inatumia umeme wa jua.

"Na jua lisipotoka?"

"Kuna pampu ya mkono, baba."

Mzee alinirudishia simu akitikisa kichwa. Maisha yake yote amekuwa akitafuta maji. Amewahi kuswaga ng'ombe siku mbili kufuata kisima alichosikia tu kwa watu. Kwamba mtu anaweza kuzungukwa na maji mpaka mwisho wa macho na bado akafa kwa kiu, hilo lilimsumbua kuliko mawimbi. Hakuacha kuniuliza. "Chumvi yake kali kiasi gani? Kama magadi?" Nikamwambia sijui, sijawahi kuyanywa. "Mwalimu," alisema, "wewe unafundisha nini hasa?"

Februari, mvua ilikatika kwetu, kama inavyofanya mara nyingi, na mahindi ya watu yakaanza kujikunja. Huko alikokuwa mke wangu mawingu yalifunga. Umeme wa jua ukapungua. Akazima mashine ya maji ili umeme uliobaki utoshe simu na kile kifaa kinachotuma nukta, akaanza pampu ya mkono: zaidi ya saa nzima kwa chupa chache. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alisema anapiga makasia hata saa sita mchana ili kufidia muda wa pampu.

Mzee aliomba simu. "Acha hiyo," alimwambia. "Unatoka jasho halafu unapiga pampu ili uoge jasho tena. Saa sita ingia ndani ulale, hata kama kuna mawingu. Fanya kazi alfajiri na jioni. Na ukinywa, kunywa ushibe. Usilambelambe maji kama kuku."

"Sawa, baba."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Kesho yake saa kumi na moja simu haikulia.

Nilisubiri mpaka saa kumi na mbili, nikasema mtandao. Nikatazama nukta. Ilikuwa palepale ilipokuwa asubuhi. Siku ya pili ilikuwa bado pale. Nilimwandikia yule daktari mstaafu, ambaye ndiye aliyekuwa akifuatilia safari kutoka kwao. Alijibu kwamba huenda umeme wote umezimika, na kwamba chombo cha kuomba uokoaji, chenye betri yake, hakijawashwa. "Hiyo ni habari njema," aliandika. Niliisoma sentensi ile mpaka ikaacha kuwa na maana. Chombo cha uokoaji kinaweza kutowashwa kwa sababu mtu hahitaji msaada. Kinaweza kutowashwa kwa sababu nyingine.

Siku ya tatu nilikwenda kazini, kwa kuwa nyumbani nilikuwa natembea tu. Mada ya kidato cha tatu ilikuwa mikondo ya bahari. Ningeweza kuiruka, lakini nilidhani kazi itanisaidia. Nilichora Afrika, nikachora Amerika, nikaanza mshale wa mkondo unaotoka Kanari kwenda magharibi, na katikati ya mshale chaki ikasimama. Nilikuwa nimefika mahali penye nukta. Darasa lilisubiri. Mwishoni msichana wa mbele akauliza, "Mwalimu, tuendelee kuchora au ndiyo umeishia hapo?" Niliweka chaki mezani, nikasema samahani, nikatoka. Nilitembea kwa miguu kutoka shuleni hadi Ipagala, juani, na sikumbuki njia.

Nilipofika nilisikia mashine. Moyo uliruka kijinga. Sebuleni, kwenye kiti kinachoteleza, alikuwa ameketi baba mkwe, suruali imekunjwa mpaka magotini, anavuta. Binti yangu alikuwa amesimama pembeni anamwelekeza: "Miguu kwanza, babu. Halafu mgongo. Halafu mikono." Mtoto tangu juzi yake alikuwa anagusa chakula tu na kukiacha, hapo nilimwona akitabasamu kidogo. Mzee alivuta kwa muda, jasho likamshuka, akaachia.

"Anakaa hivi hivi? Kwa mgongo?"

"Hivyo hivyo, baba. Anaupa mgongo upande anaokwenda."

"Haoni anakokwenda?"

"Mpaka ageuze shingo."

Alijifuta jasho usoni. "Anayekimbia mume," alisema, "haangalii alikotoka."

Nilitaka sana kumwamini. Sikumwambia kwamba wapiga makasia wote hukaa hivyo, watake wasitake.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi. Ujumbe wa yule daktari uliingia wakati wa chai ya asubuhi. Meli ya mizigo ilikuwa imepita karibu na mke wangu, naye akaiita kwa redio ndogo ya mkononi. Wimbi liliingia kwenye chumba cha betri na kuzima kila kitu. Yeye mzima, mashua nzima, maji anapata kwa pampu. Nahodha alimwambia yuko tayari kumpandisha. Mstari wa mwisho ulikuwa na neno moja la maana: amekataa.

Nilisoma kwa sauti mpaka kabla ya mstari ule. Mzee alipiga magoti palepale kwenye zulia na kuanza kusali. Binti yangu alikimbia nje akipiga kelele kwa majirani kwamba mama mzima, mama mzima. Na mimi, niliyekuwa nimeomba kwa siku nne nipewe habari hiyo tu na nisiombe nyingine, nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Alikuwa amefikiwa na ngazi, na blanketi, na watu, na njia ya kurudi kwetu. Akasema hapana.

Alipiga baada ya siku mbili. Jua lilikuwa limetoka huko, akakausha nyaya moja moja na kuziunga. Nilikuwa na dakika tano.

"Kwa nini hukupanda?"

Maneno yalikwenda, yakasubiriwa, yakarudi.

"Na wewe habari zako," alisema.

"Nimekuuliza."

"Nilikuwa mzima. Nilikuwa na maji. Mashua haivuji."

"Mtoto wako aliacha kula."



"Hilo umelisema ili niumie."

"Ndiyo."

"Basi nimeumia. Lakini nisikilize. Ningepanda ile meli ningerudi hapo nyumbani, na ningekulaumu mpaka tuzeeke, na wewe usingejua kosa lako ni lipi. Ungeona tu mtu anapika, anafua, na amekununia. Sitaki kukufanyia hivyo."

Nilijibu jambo, sijui nini, na si la kuandika. Simu ikakatika. Kama dakika zilikwisha au alikata mwenyewe, sijawahi kumuuliza.

Mzee alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia upande wangu wote.

"Sasa mmegombana," alisema, akionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Afadhali."

Nilishangaa kuona kwamba alikuwa na haki ya kusema vile. Lile swali la kama ananikimbia liliniacha. Mtu anayekukimbia hajisumbui kukueleza, kwa dakika za setilaiti, jinsi atakavyokulaumu. Kesho yake alipiga saa ileile. Hatukuomba radhi. Nilimsomea utabiri wa upepo alioutuma yule daktari, nikamweleza unapogeukia na kwa nini. Akaniomba mara mbili nirudie, akawa anaandika. Jiografia yangu yote ya miaka ile, nadhani siku hiyo ndiyo ilifika mahali.

Alifika Machi. Tuliona kwa simu, picha ikikatika na kurudi: gati, watu wachache wakipiga makofi, na mwanamke mwembamba, mweusi kwa jua, anayetoka kwenye mashua na miguu kumkunjika kama ya ndama. Watu wawili walimdaka. Alipoletewa simu alitutazama wote watatu, kisha akamwambia baba yake jambo kwa Kigogo. Mzee aliitika kwa sauti ndogo. Hakunitafsiria, na sikuomba. Kesho yake asubuhi alipanda basi la Mlali. Shamba lilikuwa limemezwa na majani, na mwaka ule alivuna kidogo sana. Hajawahi kumwambia binti yake. Mimi aliniambia, mara moja, akanikataza kurudia.

Mke wangu tulimpokea uwanja wa ndege kwa khanga na vigelegele. Kanisa lilikuja, wauguzi walikuja, hata mama yangu alikuja kutoka Kolo, akambusu viganja vilivyokuwa vigumu kama soli. Kwa wiki kadhaa nyumba haikupumua kwa wageni. Waliuliza kama aliona papa, kama alilia, aliogopa nini. Alijibu kila mmoja kwa upole. Walipoondoka alikuwa anatembea tu, chumba hadi chumba.

Sikutegemea hilo. Nilidhani kutotulia ni kwangu mimi niliyebaki, na kwamba kutakwisha akirudi. Kumbe alirudi nako. Alianza kazi hospitalini, lakini kati ya mgonjwa na mgonjwa alizunguka jengo. Nyumbani alikuwa hawezi kukaa kwenye kochi mpaka filamu iishe. Usingizi ulimkimbia kabisa. Alisema kitanda kimetulia mno, anahisi kama kuna kitu kimekufa chini yake. Alilala vipande vya saa moja moja, akaamka, akahesabu nyufa za dari. Madaktari wa kazini kwake walisema ni kawaida, itapita. Haikupita Aprili, haikupita Mei.

Jumapili moja ya Juni alisema twende Hombolo, kwenye bwawa. Mtoto tulimwacha kwa jirani. Tulimkuta mvuvi mwenye boti ndogo ya mbao na makasia mawili, akatukodishia kwa mashaka, akinitazama mimi badala yake. "Anayepiga ni yeye?" mvuvi akauliza. Mke wangu akasema, "Leo ni huyu."

Nilikaa. Alinifundisha kama anavyofundisha wagonjwa wake, kwa kunigusa bega na goti, bila maneno mengi. Kasia la kulia lilizama mno, la kushoto lilirusha maji, tukazunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani. Wavuvi ufukoni walicheka waziwazi. Jua lilikuwa la baridi, lile la Juni, na upepo wa kusini mashariki ulikuwa unakwaruza uso wa maji. Baada ya muda nilipata namna fulani ya kuvuta, si nzuri, lakini tulikuwa tunakwenda. Nilitaka kumwonyesha. Nilipomtazama alikuwa ameegemea upande wa nyuma wa boti, uso kwangu, khanga kichwani, mdomo wazi kidogo.

Nilimwita mara moja, taratibu. Hakusikia. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, kirefu, kama cha mtoto.

Niliacha kuvuta ili nimtazame vizuri. Boti ikapoteza mwendo, ikatulia, na papo hapo kope zake zikacheza. Nikayashika makasia tena haraka. Viganja vilikuwa vimeanza kuwaka. Upepo ulikuwa unatusogeza kwenye matete, upande ambao mvuvi alitukataza, na sikujua namna ya kugeuza boti bila kuitikisa. Nilivuta polepole, nikimsikiliza anavyopumua, nikavuta tena.